Picha Iliyobaki Nairobi

Siku hizi mtu akinipigia simu kulalamika kwamba picha niliyomtumia haifunguki, mimi nacheka, na yeye ananuna akidhani ninamcheka. Simcheki yeye. Nakumbuka duka la jumla la Makiso, hapa Kisangani, miaka ya vita, na picha moja iliyokataa kufunguka ikatuletea matanga nyumbani. Matanga kamili, na mikeka, na kuni, na wamama wa kanisa. Na yule aliyekuwa analiliwa alikuwa Nairobi, amelala mgongoni kwa mama yake, hana habari.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana mimi nikianza kusimulia huwa naruka.

Vita vilinikuta nimemaliza mwaka wa pili wa chuo kikuu. Walimu hawakulipwa, wanafunzi wakatawanyika, na mimi sikuwa mtu wa kukaa nyumbani kufukuza nzi. Nikapata kazi kwa mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, Mnande kwa kabila, mtu wa misa kila asubuhi, aliyekuwa anauza sabuni, chumvi, betri na vitenge kwa jumla. Wote tulimwita Patron. Meli za Kinshasa zilikuwa hazipandi tena, mto umefungwa, na kila kitu kilikuja kwa ndege kutoka mashariki kwa bei iliyobadilika kabla ndege haijatua. Kwa hiyo yeye na wenzake walichanga, wakaweka sahani kubwa ya setilaiti juu ya paa, wakanunua kompyuta moja, ili wajue bei za Butembo na za Dubai kabla ya wengine. Kompyuta ilikaa nyuma ya duka, katikati ya makatoni ya sabuni, na mimi ndiye niliyekaa mbele yake.

Asubuhi ilikuwa ya Patron na bei zake. Mchana, kama mafuta ya jenereta yalikuwa bado yapo, mlango wa nyuma ulifunguliwa kwa watu. Patron alinung'unika kuhusu mafuta, halafu alifungua, siku zote, kwa sababu alisema hawezi kupiga magoti asubuhi mbele ya Mama Maria na mchana amfungie mlango mama anayetafuta mtoto. Simu zilikuwa zimekufa, posta ilikuwa jengo tu. Watu walikuja kutoka kila upande wa mji, wakaketi juu ya makatoni kungoja zamu, na mimi niliwasomea kwa sauti wale wasiojua kusoma, na wale wanaojua lakini wanaogopa kusoma wenyewe. Aliyepata habari njema alitoka nje kununua karanga, akarudi kutugawia wote, hata wale ambao siku yao ilikuwa mbaya. Nimefanya kazi nyingine baadaye, katika maofisi yenye hewa baridi na viti vya kuzunguka, na sijapata tena mahali nilipopapenda hivyo. Hadi leo nikisikia harufu ya sabuni ya kufulia, moyo unanirudi kule.

Mama yangu hakuipenda ile mashini. Alikuwa binti wa mvuvi na mjane wa mvuvi, wa kule kwenye maporomoko, na kazi yake ilikuwa kukausha samaki kwa moshi na kuwauza. Kitu alikiamini akikishika. Na alikuwa na sababu. Vita vilipoanza, mdogo wake wa kiume, tonton wetu, alifia kwenye barabara ya Bafwasende, na wakubwa wa familia waliamua kumficha mama. Walimwambia tonton yuko kwenye machimbo ya dhahabu, anaendelea vizuri, anasalimia. Kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, ndiye aliyepewa kazi ya kuleta hizo salamu. Mama akawa anafunga samaki wakavu kwenye majani na kumtumia mdogo wake, na hao samaki sijui waliliwa na nani. Siku alipoupata ukweli hakulia kwanza. Alimkazia macho yaya, akamwambia kuanzia leo maneno ya mdomo wako sitayaamini tena, nitaamini macho yangu. Yaya alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na alilia mbele yetu sote.

Halafu yale majeshi ya kigeni yaliyoletwa na vita yakaanza kupigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya mji wetu, kana kwamba kwao hawana miji ya kubomoa, na yaya akaondoka. Alipita mashariki, akafika Nairobi, akaoa huko msichana wa kwetu, mkimbizi kama yeye, akapata kazi katika duka la kutengeneza kompyuta. Huko wakapata mtoto, wa kike, wa kwanza.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwetu, na sijui kama ni desturi ya Wagenia wote, sisi wavuvi wa maporomoko, au ni ya nyumba yetu tu, baba hampi mtoto jina. Jina linatoka kwa bibi, mama wa baba. Anampakata mtoto, anamgeuza kwenye mwanga, anamwangalia uso mpaka atambue amefanana na nani kati ya marehemu wa ukoo, na jina la marehemu huyo ndilo lake. Jina la mtu aliye hai halitolewi. Ni kama kumfungashia mizigo aondoke duniani. Na mpaka bibi aseme, mtoto anaitwa Bebe. Mimi mwenyewe niliitwa Bebe muda mrefu, kwa sababu mama wa baba alikuwa Bengamisa kwa dada yake, na nasikia aliporudi alilalamika kwamba nina sura isiyotulia. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Safari hii haraka ilikuwepo. Yaya na mke wake walikuwa wamekubaliwa kwenda Kanada. Ofisi ya safari ilitaka jina la mtoto ifikapo Ijumaa, na likishaandikwa halibadiliki. Yaya akaniandikia kwamba ametengeneza ukurasa wa familia, wenye picha yake, ya mke wake, na ya Bebe, na ameuweka kwenye mtandao. Nimlete mama auangalie, aseme jina. Aliandika kwamba akimpeleka mtoto Ulaya nyingine huko bila jina la mama, atajisikia kama amemwiba.

Nilipompelekea mama habari alikuwa anageuza samaki juu ya moshi. Akauliza kama uso utaonekana wote, pamoja na masikio. Nikamwambia wote, na masikio yote mawili. Kesho yake, Jumatano, akaja Makiso juu ya toleka, zile baiskeli za kubeba watu zilizotuokoa wakati petroli ilikuwa ya wanajeshi. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka, amejipaka mafuta usoni. Nilimwona akishuka polepole, akijinyoosha kitambaa cha kichwani kabla ya kwenda kuonana na mjukuu, na nilimpenda mpaka nikakosa la kufanya, nikamkaripia bure yule mtu wa toleka.

Watu wakampisha zamu. Nikafungua ukurasa wa yaya, nikabonyeza pale pa kubonyeza. Sasa hapa nieleze polepole, maana ndipo penye kisa chenyewe. Programu niliyokuwa natumia kutembelea mtandao haikujua kusoma faili la yaya, kwa sababu yaya aliliandika kwa programu nyingine, ile ya kuandikia barua. Ikikutana na faili la namna hiyo, inalishusha, inaliweka kwenye folda yake ya muda humo humo ndani ya kompyuta, kisha inaiita ile programu nyingine na kuiambia: shika hili, fungua wewe. Basi. Haiiambii imelitoa wapi.

Faili likafunguka. Juu alikuwa yaya, amevaa koti, amenenepa. Mama akacheka kwa furaha, akasema wanamlisha. Chini yake mke wake, mzuri, macho ya aibu. Mama akauliza ni binti wa nani, nikamwambia, akaridhika. Halafu chini kabisa, maneno "Huyu ndiye mtoto wetu", na chini ya maneno, fremu. Mstari mweusi pande zote nne, na ndani weupe mtupu.

Tukangoja. Nilidhani ni mtandao unajivuta, kama kawaida yake. Nikafunga, nikafungua tena. Yaya akatokea, mke akatokea, halafu ile fremu, nyeupe. Nikamgeukia mama kumwambia avumilie, na nilichokiona usoni mwake nilikijua.

Nyumbani kwetu, mtu akifa, picha yake inatolewa kwenye fremu na kuwekwa mezani mbele ya watu wa matanga. Fremu yenyewe inabaki ukutani, tupu, mpaka siku ya kumaliza matanga, ndipo picha inarudishwa. Fremu ya baba ilikaa hivyo. Ya tonton ilikaa hivyo, na tulipita chini yake kila siku. Mama alikuwa ameangalia familia ya mwanawe, baba yupo, mama yupo, na mahali pa mtoto fremu bila picha. Alifungua kitambaa cha kichwani, akakikunja, akakiweka mapajani, akainuka akatoka.

Nilimkimbilia mpaka barabarani nikimweleza kwamba ni mashini, ni mashini tu. Ni kweli nilikuwa sijui ni mashini kwa namna gani. Akapanda toleka, akaenda kichwa wazi, mbele ya watu wote wa Makiso.

Nikarudi ndani nimefura. Nikamwandikia yaya maneno ambayo dada mdogo hamwandikii kaka mkubwa. Bahati nzuri alikuwa kazini, akajibu papo hapo: picha ipo, mimi naiona, iko mbele yangu sasa hivi, mbona unanitia presha. Nikamwuliza kama mtoto yuko mzima. Akajibu ni mzima, anatambaa, ameng'oa vibonye vya kompyuta yake. Nikasoma hayo nikashusha pumzi. Halafu nikafikiri: hivi ndivyo alivyokuwa anajibu kuhusu tonton. Mungu anisamehe, na mimi kidogo nilimtilia shaka.

Nilipofika nyumbani jioni, mikeka ilikuwa imeshatandikwa uani. Wamama wa kanisa walikuwa wamekaa, wamevua viatu, wanaimba kwa sauti ya chini. Jirani alikuwa anaponda ndizi za lituma, mwingine anakata majani ya sombe. Mama alikuwa katikati, miguu imenyooka mbele, mikono juu ya magoti. Nikasimama mbele yao wote nikaanza kuwafokea. Nikawaambia mtoto yuko hai, anatambaa, baba yake ameandika leo leo. Wakaniangalia kwa huruma, yaani vile mtu anavyoangaliwa akikataa kukubali msiba. Mmoja akanivuta mkono nikae. Nikachuchumaa mbele ya mama, nikamwambia yaya anasema picha anaiona.

Mama akaniangalia, macho makavu.

"Yaya yako anasema anaona," akasema. "Tonton yako pia, alikuwa anamuonaka kila siku."

Kama mtu ameshaungua mara moja kwa salamu, huwezi kumtuliza kwa kumletea salamu nyingine. Nilikwenda kulala na njaa, na lituma inanukia uani, kwa kiburi tu.

Alhamisi asubuhi niliamkia dukani na hasira ile ile, na nikamkuta Patron ana ya kwake. Muuzaji wake wa Bengamisa alikuwa amemtumia magunia ya mchele kwa baiskeli, na mchele haukufika. Yaani ulifika mjini, lakini si kwetu. Mwenye baiskeli alikuwa ameelekezwa hivi: ukipita kanisa, mlango wa pili mkono wa kuume. Maelekezo mazuri kabisa, kama unaingia kwa barabara ya Bengamisa. Lakini yeye alikuwa amelala kwa dada yake upande mwingine wa mji, asubuhi akaingia Makiso kutoka huko, akapita kanisa akitokea upande wa pili, akahesabu mlango wa pili mkono wa kuume, na akashusha magunia yote kwenye nganda ya mama mmoja anayeuza chakula. Yule mama aliyapokea kwa shangwe, akamshukuru Mungu, na Patron alipompata alikuwa ameshateleka sufuria ya kwanza.

Patron alikuwa anamkaripia mwenye baiskeli, na mwenye baiskeli alikuwa anarudia, kwa upole, kwamba amefuata maneno vile vile alivyoambiwa. Na ilikuwa kweli. Maneno yalikuwa sawa. Ila yalikuwa ya mtu anayeanzia mahali fulani, na hakuna aliyemwambia aanzie hapo.

Nilisimama na kikombe cha chai mkononi. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Kumbe."

Nikaenda kwenye kompyuta, nikamwomba Patron awashe jenereta hata kama saa yake haijafika. Aliona uso wangu akawasha bila kusema habari ya mafuta. Nikafungua lile faili tena, nikabonyeza ukingoni mwa fremu tupu mpaka programu ikanionyesha kilichoandikwa ndani yake. Hakukuwa na picha ndani. Picha yake na ya mkewe, yaya alizibandika ndani ya faili lenyewe, kwa hiyo zilisafiri nalo. Ya mtoto, kwa kuwa ilikuwa nzito, aliiacha nje, kwenye folda ya pembeni, na ndani ya fremu akaandika tu maelekezo: angalia hapa pembeni, kwenye folda ya picha, faili la bebe. Hapa pembeni! Kwenye kompyuta ya Nairobi, ndiyo, ilikuwa pembeni, ndiyo maana yeye aliiona na akaapa anaiona. Lakini faili likishushwa Makiso na kukabidhiwa programu nyingine isiyojua limetoka wapi, programu inatafuta pembeni ya hapa. Ikatafuta kwenye folda ya muda ya kompyuta yetu, ikakuta bei za sabuni za Patron, ikakata tamaa, ikachora fremu tupu.

Mtoto hakuwa amekufa wala kufichwa. Alikuwa ameachwa Nairobi, na sisi tulikuwa tunamtafuta ndani ya sabuni.

Lile dirisha la mtandao lilikuwa bado liko wazi nyuma, na juu yake anwani ya ukurasa wa yaya, ndefu, kuanzia mwanzo kabisa. Nikainakili. Nikafuta mkia wake, lile jina la faili, nikabakiza njia yote mpaka kwenye ule mshazari wa mwisho. Halafu badala ya mkia nikaandika maelekezo yaliyokuwa ndani ya fremu, folda ya picha, faili la bebe. Nikabonyeza. Baada ya muda ukatokea juu ya kioo mstari mwembamba wa rangi ya buluu, ukuta wa nyumba, halafu mstari mwingine.

Nikaisimamisha hapo hapo. Si mimi niliyetakiwa kumwona kwanza. Na niseme ukweli, niliogopa pia.

Nilichukua toleka mpaka nyumbani nikimhimiza mwendeshaji akanyage, maskini, jua lilikuwa linawaka. Mama alikuwa bado mkekani. Safari hii sikumfokea mtu. Nilipiga magoti nikamwambia sikuletei maneno ya yaya wala yangu. Nakuomba macho yako tu. Uje uangalie, na kama fremu ni tupu tutarudi nitakaa na wewe hapa mkekani mpaka mwisho, na sitafungua mdomo.

Hilo la kutofungua mdomo nadhani ndilo lililomgusa. Akainuka.

Tatizo ni kwamba mtu wa matanga haachwi aende peke yake. Wakainuka wote. Toleka zote za pale barabarani zikachukuliwa, wengine wakaja kwa miguu, na mwisho wake Patron aliona duka lake linavamiwa na wamama wasio na viatu, wanaimba wimbo wa msiba, wanakalia sabuni. Wateja walitoa macho. Patron akavua kofia, akauliza nani amekufa, nikamwambia hakuna, Papa, ngoja kidogo. Akaenda mwenyewe kusukuma makatoni ili mama akae karibu.

Mama akakaa. Kichwa wazi, nywele zake nyeupe zimesukwa mistari. Nikabonyeza.

Wale waliozaliwa na simu hawajui picha zilivyokuwa zinakuja. Ilishuka kutoka juu, mstari kwa mstari, kama mtu anakunjua kitenge taratibu. Ukuta wa buluu. Ukuta wa buluu. Wamama walikuwa bado wanaimba, chini chini. Halafu nywele, chache, zimesimama. Mmoja akaacha kuimba. Paji la uso, pana. Nyusi. Na sisi wote tukawa tunangoja macho, kwa sababu mtoto aliyekufa hupigwa picha akiwa amefumba macho, na kila mtu mle ndani alilijua hilo. Mtandao ukasimama. Sijui ulisimama muda gani, najua tu nilisikia jenereta na pumzi za watu. Halafu ukaendelea. Macho yalikuwa wazi. Makubwa, yanatutazama, yamekasirika kidogo. Duka likalipuka kwa vigelegele, watu wakakumbatiana, Patron akafanya ishara ya msalaba, na mimi nikalia kwa kwikwi mbele ya watu wote, mimi mwenye ulimi.

Mama hakushangilia. Alikuwa ana kazi yake. Pua ikaja, mdomo ukaja, masikio yote mawili. Akasogeza uso karibu na kioo, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. Akanyoosha kidole akafuata lile paji la uso, kwenye kioo, hewani karibu. Wamama wakanyamaza, maana sasa waliijua kazi iliyobaki. Nikavuta kibodi, nikafungua barua ya yaya, nikangoja. Nilifikiri atasema jina la tonton, kwa sababu kwetu jina la mwanamume linaweza kuvaliwa na mtoto wa kike, na hata mimi niliyaona macho ya tonton pale.

Mama akasema jina. Lilikuwa lake mwenyewe.

Halafu yule mzee kuliko wote kati ya wamama wa kanisa akamkumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba jina la mtu aliye hai halitolewi, na yeye yuko hapa, mzima, ameketi juu ya sabuni.

"Niko muzima, ndiyo," mama akasema. Hakuondoa macho kwenye picha. "Na kule Kanada beko naenda, mie ntafika namna gani ingine?"

Nikaandika jina la mama, herufi kwa herufi, nikalisoma mara mbili kwa sababu sikuwa naona vizuri, nikalituma. Yaya akajibu kwamba amelipokea. Ijumaa likaandikwa kwenye karatasi za safari. Nyumbani lituma ya matanga ililiwa yote, na mikeka haikukunjwa mpaka watu walipochoka kucheza.

Vita vilikwisha, meli zikapanda tena, simu zikaingia hata kule kwenye maporomoko. Mama alifariki kabla yaya hajapata njia ya kurudi. Hakumpakata yule mtoto hata siku moja.

Miaka ikapita, na mchana mmoja simu yangu ikalia, namba ndefu ya mbali. Nilikuwa sokoni, na vifurushi mikononi. Ilikuwa sauti ya msichana, Kiswahili cha kujifunza nyumbani, kimejaa Kifaransa cha huko kwenye theluji. Akasema baba yake amempa namba, alitaka kunisalimia mwenyewe, kwa mdomo wake. Nikauliza ni nani anayesema. Akajibu kwa jina lake, jina la mama, alilitamka lote vizuri, bila haya, vile mtu anavyotaja kitu kilicho chake.

Nikaweka vifurushi chini, pale pale katikati ya watu.

"Mama," nikamwambia, "kumbe ulifika."